Mwenye Nyumba Ndiye Mlinzi wa Mpaka

Ujumbe wa sauti ulinifikia Ijumaa, tumeshatoka msikitini, nimekaa kwa muuza kahawa wa Ngamiani, hapa Tanga, na kashata yangu mkononi. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada, anayeishi Reading, Uingereza. "Shikamoo mjomba," akaanza, kisha akavuta pumzi. Mwenye nyumba wake anataka namba. Wala si namba ya simu. Ni namba ya siri ya herufi na tarakimu tisa, ambayo mgeni huiomba kwenye tovuti ya serikali akampa mwenye nyumba, naye akaiingiza hukohuko ili ajue kama mpangaji wake anaruhusiwa kupangishwa. Mpwa wangu alikuwa ameiomba siku tatu mfululizo. Mfumo ukawa unagoma.

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Mfumo unagoma" nilidhani ni msemo wetu sisi, wa madirisha ya huku. Kumbe na Reading upo.

Yeye hakucheka. Mwenye nyumba ni mzee mpole ambaye kila Krismasi humgongea mlango na kipande cha keki. Lakini safari hii alimwambia waziwazi kuwa bila namba ile mkataba hauongezwi, kwa sababu akikutwa na mpangaji asiyeruhusiwa anaweza kutozwa faini ya hadi paundi 10,000, na akirudia ni hadi 20,000. Zamani mgeni alikuwa na kadi mkononi, akiombwa anaitoa. Kadi hizo ziliisha muda mwisho wa mwaka 2024 na kila kitu kikahamia mtandaoni. Kwa hiyo mtu ana haki zake zote, ila hawezi kuzishika. Mzee hana kinyongo na mpwa wangu. Ana hofu tu, na hofu ya mwenye nyumba inatosha kumlaza mtu nje.

Tangu siku hiyo mijadala ya mipaka naisikiliza kwa sikio jingine. Kwenye televisheni tunaonyeshwa boti za mpira zikitoka Ufaransa, tunaonyeshwa ukuta wa Marekani jangwani, na wanasiasa wenye mabuti mapya wakinyoosha vidole. Ukitazama utaamini kuwa mpaka uko pale. Mimi nasema ulishahama zamani. Uko kwenye mlango wa chumba cha kupanga, uko mezani kwa mwajiri, uko dirishani benki. Na wanaoulinda hawana sare, hawana mafunzo, wala hakuna anayewalipa kwa kazi hiyo.

Tutazame hesabu kidogo. Waliovuka kwa boti ndogo kuingia Uingereza mwaka 2024 walikaribia 37,000. Ni wengi, na wengine hufa maji. Lakini katika mwaka ulioishia Juni 2023, tofauti kati ya walioingia nchini humo na waliotoka ilipita watu 900,000, ambao karibu wote waliingia kwa viza, kwa ndege, mchana kweupe. Kelele zote ziko ufukweni, na sheria nyingi zilizotungwa kwa sababu ya kelele hizo zikaenda kuwapata wale waliopita mlangoni. Wakubwa wale walifikia hata kupanga kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Mpango ulitangazwa Aprili 2022, Mahakama ya Juu ikaukataa Novemba 2023, serikali mpya ikauzika Julai 2024. Paundi milioni 700 zilikwishatumika, na waliokwenda Kigali ni watu wanne, kwa hiari yao. Kwa fedha hiyo ungewasafirisha Tanga nzima kwenda Kigali na kurudi, na chenji ikabaki.

Mpwa wangu aliingia mwaka 2023, ameshika viza ya wahudumu wa wazee. Huku nyumbani kazi zote za ughaibuni tunaziita kubeba boksi, ila yeye boksi hajawahi kulibeba. Anaogesha vikongwe, anawabadilisha nepi, anawalisha, anasikiliza hadithi ileile ya vita mara kumi kwa wiki. Ili aende, dada yangu aliuza kiwanja Pongwe na fedha ikaenda kwa wakala. Huyo wakala simtaji, na dada hataki hata nimkumbushe.

Machi 2024 Uingereza ikakataza wahudumu wapya kuja na waume na watoto wao. Julai 2025 ikafunga kabisa kuajiri wahudumu kutoka nje. Yeye aliyekwisha kuingia hakufukuzwa, lakini amefungwa kamba kwa mwajiri mmoja, ambaye wenyewe wanamwita sponsa. Sponsa akinyang'anywa leseni, mfanyakazi hupewa siku 60 kutafuta mwingine, la sivyo afungashe. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 leseni zaidi ya 470 za sekta hiyo zilifutwa, na kwa hesabu ya serikali yenyewe wafanyakazi zaidi ya 39,000 waliguswa. Kosa la mwajiri, siku 60 za mfanyakazi.

Mtu wa namna hiyo anaishije? Nimemuuliza maswali hayo madogomadogo kwa miezi, mengine usiku wa manane kwa sababu ndipo anapotoka zamu. Hagombani na mtu. Akikatwa saa kwenye mshahara ananyamaza, maana anayemlipa ndiye anayemweka nchini. Hahami chumba hata kikivuja, kwa kuwa kila kuhama ni kuombwa namba upya na mtu asiyemjua. Kila karatasi ya mshahara anaitunza kwenye kopo la biskuti. Basi likichelewa anatetemeka, si kwa baridi, ni kwa kuogopa barua ya onyo kazini. Alipoondoka aliambiwa akikaa miaka 5 ataomba ukaazi wa kudumu. Sasa mezani kuna pendekezo la miaka 10, na kwa wahudumu kama yeye 15. Ana miaka 31. "Mjomba," aliniambia, "nitazeeka nikiwaogesha wazee, halafu nani ataniogesha mimi?" Sikuwa na jibu, nikamuuliza kama amekula.

Barazani kwetu kuna hoja moja inayopendwa sana: mwenye makaratasi safi hana cha kuogopa. Wenye kuisema huwa ni watu wazima, wenye busara zao, na ingekuwa kweli ningenyamaza. Lakini tazama yaliyowapata watu wa visiwa vya Karibiani. Baada ya vita waliitwa kwenda kuijenga Uingereza, wakaanza kufika mwaka 1948 kwa meli ya Empire Windrush. Waliofika kabla ya 1973 walikuwa na haki kamili ya kukaa. Wengi hawakupewa karatasi, na hakuna aliyewadai. Kuanzia 2012 Theresa May, wakati huo waziri wa mambo ya ndani, akaahidi kuyafanya maisha ya asiye na kibali yawe magumu. Sheria zikafuata, na waajiri, hospitali na wenye nyumba wakaambiwa waulize. Wakawauliza wote, wakiwemo vikongwe waliokaa nchini humo miaka 50, waliolipa kodi na kuzaa. Wakapoteza kazi, nyumba na matibabu, wengine wakarudishwa visiwani walikotoka watoto. Mwaka 2018 mambo yalipofichuka, May alikuwa waziri mkuu, akaomba radhi, na waziri wake wa mambo ya ndani, Amber Rudd, akajiuzulu. Sheria ya kuwauliza wapangaji haikujiuzulu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya London ilisema sheria hiyo inawasukuma wenye nyumba kubagua. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaiacha iendelee, huku ikikubali kwamba ubaguzi upo.

Na ubaguzi huo hauhitaji mtu mwovu. Una chumba kimoja na waombaji wawili, mmoja ana pasipoti ya nchi na mwingine ana namba ya mtandaoni inayogoma. Utampa nani? Wala huna haja ya kumkatalia wa pili. Unamwambia tu, "Chumba kimeshapata mtu." Hakuna mahakama ya kukatia rufaa sentensi hiyo.

Marekani sitakaa sana, kwa sababu huko kelele zimezidi hata kinachofanyika hakisikiki. Wenye umri wangu wanakumbuka foleni za vijana kwenye vibanda vya intaneti kila Oktoba, wakijaza bahati nasibu ya viza kwa picha waliyopiga wakiwa na shati la kuazima. Januari 2020 Rais Trump aliiondoa Tanzania kwenye bahati nasibu hiyo. Januari 2021 Biden akairudisha. Desemba 2025 Trump, aliyekwisha kurudi madarakani, akaiingiza nchi yetu kwenye orodha ya zinazowekewa masharti ya kuingia, kuanzia Januari 1, 2026. Vijana wa Tanga hawakufanya lolote kati ya tarehe hizo tatu.

Barazani hukumu ilishatoka: wazungu wana roho mbaya. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze kidogo, sisi kwa sisi.

Mji wetu wenyewe tunaupamba kwa kusema "Tanga, waja leo waondoka leo". Kila mtu ana tafsiri yake, na inayonipendeza ni ile ya kejeli, kwamba mgeni husema ataondoka leo, na ukimtafuta baada ya miaka 20 ana wajukuu Makorora. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche iliyosafiri kutoka Florida, na nao ni mgeni aliyekataa kuondoka. Mashamba yakataka mikono, mikono ya hapa haikutosha au haikutaka. Kufikia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, wakawaleta watu kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Kila mmoja alikuwa na namba, ndiyo maana wakaitwa manamba, na kila mmoja alikuwa na kipande cha kuwekewa alama ya siku alizofanya kazi. Mzee aliyefanya kazi bila alama kwenye kipande, siku yake haikuwepo. Ningependa mpwa wangu na yule manamba wa Muheza wakutane, nadhani wangeelewana haraka kuliko mimi ninavyomwelewa yeyote kati yao.

Wajukuu wa manamba wako hapa, wanaongea Kiswahili cha Tanga hata kuliko sisi. Lakini nimemsindikiza mmoja, kijana wa jirani yangu, kwenye dirisha moja la serikali kufuatilia kitambulisho cha taifa. Baba yake kazaliwa kwenye kambi ya mkonge, yeye kazaliwa Bombo. Karani akamuuliza babu yake alizaliwa wapi. Kijana akasema hajui, babu alikufa yeye hajazaliwa. Karani, binti mstaarabu tu, akamwambia aende akalete uthibitisho. Uthibitisho wa nini? Wa babu aliyeitwa kwa namba? Tulirudi mara nne, na mara ya nne tulikwenda na mzee mmoja wa mtaani wa kuapa kuwa anamjua.

Nenda sasa Jasini, kule mwisho wa Mkinga. Kutoka Tanga mjini hadi kituo cha Horohoro ni kilomita 65 za lami, lakini Jasini iko upande wa bahari, ukishatoka lami unapita mikoko na chumvi. Mpaka pale ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani waliokaa Ulaya, wakaanzia kwenye mdomo wa mto Umba, wakavuta mstari hadi ziwa Viktoria, wakakunja kidogo Kilimanjaro. Wadigo wakajikuta wako pande mbili, na Wasegeju vilevile. Mwezi Januari 1915 Wajerumani na Waingereza walipigania kijiji kile wakauana kwa mamia. Mimi nilikwenda kwa jambo dogo zaidi, matanga. Kutoka upande wa Vanga, Kenya, wakaja wanawake kumi na kitu na masufuria yao vichwani, kwa miguu. Hakuna aliyewauliza. Hata pale Mei 2020 Kenya ilipofunga mpaka kwa sababu ya Korona na kuruhusu malori ya mizigo tu, wenyeji waliniambia hakuna maiti aliyezikwa bila watu wake. Mjumbe wa kijiji anajua nani ni nani. Huo nao ni ulinzi, na ni wa mtu anayekujua, si wa mtu aliyetishwa kwa faini.

Ningeishia hapo ningekuwa nawadanganya, kwa sababu kumjua mtu hakukumsaidia kila mtu. Ng'ambo ya mstari, Kwale, Wamakonde waliokwenda kwenye mashamba ya miwa na mkonge walikaa vizazi bila uraia, hadi mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi na Rais Uhuru Kenyatta akawakubalia. Wavuvi wa Kipemba wa pwani hiyo walisubiri hadi 2023. Majirani zao wote waliwajua. Ila jirani hana muhuri.

Na kuna kisa cha Wazigua, ambacho sijui kwa nini hakisimuliwi zaidi shuleni kwetu. Karne ya 19 ilipokuwa na njaa, watu wengi wa Uzigua walichukuliwa utumwani hadi Somalia. Waliotoroka wakajenga vijiji vyao kando ya mto Juba, na masimulizi yao yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanankhucha. Miaka zaidi ya 150 ikapita, lugha hawakuiacha. Vita vya 1991 vikawafukuza tena. Wengine walikwenda kambi za Kenya, na kuanzia 2003 Marekani ikawapokea, wao pamoja na Wabantu wengine wa Somalia, kiasi cha watu 12,000, ndiyo maana leo Kizigua kinasikika Lewiston, Maine, kwenye theluji. Wengine wakaja Handeni. Wakashuka, wakasalimia kwa Kizigua, na wazee wa Handeni wakaitikia. Walipewa ardhi Chogo na wengi wao uraia. Wakati huohuo serikali yetu ilikuwa ikiwapa uraia Warundi wa mwaka 1972, watu wapatao 162,000. Nayasema haya kwa wale wanaodhani ukarimu ni porojo za watu wasiojua usalama. Nchi hii imewahi kufanya, nchi ikabaki nchi.

Lakini angalia jinsi lugha inavyogeuka. Handeni ilikuwa ufunguo. Uingereza ikawa mtego. Wabajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia walipokwenda kuomba hifadhi huko, pakazuka shaka kwamba baadhi yao ni watu wa Kenya, au hata wa kwetu, waliojilipua, kama wanavyosema wenyewe, kwa kujipa utaifa usio wao. Na ni kweli, wapo waliojilipua, tusifichane. Basi serikali ikatumia kampuni za kuchambua lafudhi. Mtu anapigiwa simu, anazungumza dakika chache, na mchambuzi asiyemwona anaamua kinywa chake kimezaliwa wapi. Kwa mtu wa mwambao hili ni jambo la kuchekesha na kuliza. Mwanamke wa Kibajuni aliyekulia kambini Mombasa atasema vipi? Mimi mwenyewe mama yangu wa Pangani, baba wa Mtang'ata, nimesoma Moshi. Mnipigie simu, mniambie mimi ni wa wapi.

Kuhusu Wahabeshi nitasema kwa kifupi. Wanapita mkoani kwetu kuelekea Bondeni, yaani Afrika Kusini, usiku, ndani ya malori, na kila yakikamatwa kuna shangwe mitandaoni. Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa Dodoma kwa kukosa hewa. Machi 2020 huko Tete, Msumbiji, lilifunguliwa kontena lenye maiti 64. Sitetei wanaowasafirisha, wafungwe. Sheria yetu inataja faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 20, na kwa dereva aliyefungia watu kwenye kontena sioni kama ni nyingi. Wasiwasi wangu ni kijana wa bodaboda wa Duga Maforoni anayekutana na mtu anayeyumba kwa kiu kandokando ya barabara. Amesikia milioni 20. Hajasikia kingine. Atapita.

Rafiki yangu mmoja, ofisa wa uhamiaji mstaafu, tunacheza naye bao, ananipinga kwa nguvu na hoja yake si nyepesi. "Njia za panya unazijua?" huniuliza. "Kutoka Horohoro hadi baharini utaweka askari wangapi? Pasipo macho ya raia hakuna mpaka, na pasipo mpaka hakuna nchi." Ni kweli. Nikiona bunduki zinashushwa Moa nitapiga simu, tena mbio. Lakini hiyo ni kumtaka raia aseme alichokiona. Kumtishia raia aadhibiwe kwa asichokijua ni kitu kingine. Yule wa kwanza anabaki na akili yake, anapima. Wa pili anafunga mlango kwa kila mwenye sura ngeni, sababu ndiyo salama yake. Ofisa wa Horohoro akininyima kupita, ana jina begani, ana mkubwa wake, na kuna kitabu ameandika. Mwenye nyumba wa Reading hana kitabu. Rafiki yangu hapo hukuna kichwa, halafu hunila kete nne.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu ningeweza kuimaliza makala hii bila kulisema na mngenisifu.

Nina nyumba Makorora, vyumba sita, viwili nimepangisha. Kimoja anakaa mwalimu. Kingine anakaa fundi simu, kijana wa Kidigo, miaka mitatu sasa. Analipa kwa wakati, anafagia uwanja bila kuambiwa, simu yangu ameitengeneza mara mbili hakutaka fedha. Nilipompangisha nilimuuliza kwao wapi, akasema, "Kwetu hukohuko mpakani, baba." Sikuuliza upande gani. Kwa nini niulize? Kidigo chake ni cha shangazi yangu.

Julai 2025 serikali yetu, kupitia kwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Humo kuna uwakala wa fedha kwa simu, saluni, uongozaji watalii, ununuzi wa mazao shambani, na kuna utengenezaji wa simu. Asiye raia akikutwa, faini haipungui shilingi milioni 10 au kifungo hadi miezi 6. Raia anayemsaidia naye ana fungu lake, milioni 5 au miezi 3. Wakenya walilalamika sana wakataja mkataba wa soko la pamoja la Afrika Mashariki ulioanza kutumika mwaka 2010. Barazani tulifurahi. Nami nilifurahi, sitasema uongo, kuna wageni wenye mitaji mikubwa wanaokaa Kariakoo kuuza pipi rejareja na kuwabana watoto wetu. Sikuifikiria amri hiyo kwa sura ya mtu anayefagia uwanja wangu.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa mtaa akapita na karatasi za daftari la wakazi. Ni mtu mwema, tulisoma naye. Akaniachia moja, ina safu ya jina, ya kazi, ya mahali atokako, na chini kabisa sahihi ya mwenye nyumba. "Jaza tu mzee mwenzangu, wanataka haraka," akasema, akapanda baiskeli yake.

Mwalimu nimemjaza. Jina, mwalimu, Lushoto. Kwenye mstari wa pili nimeandika jina, kalamu ikasimama. Nikiandika fundi simu, nimeandika. Nikiandika mkulima, nimedanganya na sahihi ni yangu. Nikimwita nimuulize, kuanzia hapo atajua kwamba nimeuliza, na kila asubuhi akishika ufagio nitakuwa nayaona macho yake. Nimejaribu kujiambia kuwa huenda ni wa Jasini kabisa, Mtanzania kama mimi, na hofu yote hii ni bure. Kisha nikajisikia nikisema, polepole, kwa sauti ya mtu mpole anayegawa keki, kwamba ingekuwa rahisi zaidi chumba kile kingekuwa na mwalimu mwingine.

Mpwa wangu amepiga jana. Namba imetoka, mkataba umeongezwa miezi 6, mzee amempa mkono. Akaniuliza huko nyumbani habari gani. Nikamwambia njema, mvua zimenyesha, machungwa ya Muheza yameshuka bei. Karatasi iko chini ya kopo la sukari. Mwenyekiti amesema ataipitia Jumamosi.